Kujifunza baiskeli ya milimani katika jiji lisilo na mlima

Watu wengi wa Dar es Salaam wakisikia unaendesha baiskeli ya milimani, swali la kwanza ni hilohilo: mlima wenyewe uko wapi? Ni swali la haki. Jiji limekaa pwani, na anayetaka mlima hasa huenda Uluguru kule Morogoro, au Usambara kule Lushoto. Ila anayeanza hahitaji mlima. Anahitaji ardhi ya kila namna: mchanga, changarawe, mfinyanzi, mizizi, kona ya ghafla, na mteremko mfupi anaoweza kuurudia asubuhi nzima mpaka mwili uelewe wenyewe. Hivyo vyote tunavyo. Vilima vya Pugu havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari, lakini ndivyo vilivyonifundisha, na bado vinanifundisha.

Mimi si mgeni wa baiskeli. Nimekulia Shinyanga, ambako baiskeli hubeba maji, mahindi, mgonjwa na hata bibi harusi. Nilijifunzia Phoenix ya baba, ile kubwa nyeusi yenye breki za fito, nikiwa mfupi kiasi kwamba nilipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu la fremu na kukanyaga huku nimening'inia upande. Wengi wetu tulianza hivyo. Nilipohamia Ukonga na kuwaona vijana wakipita alfajiri na baiskeli za tairi pana wakielekea Pugu, nilitamani sana kuwa mmoja wao. Nilichokuja kuelewa ni kwamba kukanyaga pedeli na kuitawala baiskeli kwenye ardhi mbovu ni stadi mbili tofauti, na ya pili hujifunzwa upya hata na mtu aliyeendesha tangu utotoni.

Niseme machache kuhusu baiskeli yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokwama na kuahirisha mwaka baada ya mwaka. Yangu ni ya mtumba, ina shokapu mbele tu. Kwa anayeanza ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ina vitu vichache vya kuharibika, na ukikaa vibaya juu yake inakuambia palepale. Ukienda kuchagua, usianze na rangi. Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Usukani ukicheza kwenye shingo, beringi zimelegea au zimekwisha. Shika mkono mmoja wa pedeli uutikise kushoto na kulia. Inua kila gurudumu ulizungushe, uangalie kama rimu inapita katikati bila kuyumba. Halafu pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya shingo ya usukani, ukitafuta ufa. Rangi mpya kwenye baiskeli ya mtumba inanipa wasiwasi kuliko rangi iliyochubuka, kwa sababu iliyochubuka haifichi kitu.

Ukubwa nao uutazame. Simama wima huku bomba la juu likiwa katikati ya miguu. Pabaki nafasi ya vidole kadhaa, la sivyo siku ya kushuka ghafla utaumia. Mimi nilichukua ya magurudumu ya inchi 26 kwa sababu ya kawaida kabisa: tyubu zake unazipata kwa fundi wa mtaani bila kwenda Kariakoo. Angalia na mdomo wa tyubu. Ule mnene, sawa na wa gari, hujazwa upepo popote. Ule mwembamba unahitaji kiungio chake, na ukiwa porini bila kiungio umekwama.

Aliyenifundisha ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mzee mwenye mikono iliyokolea grisi, ambaye ujanani aliendesha mashindano ya barabarani. Nilimpelekea baiskeli kufunga pedi mpya za breki. Akaniuliza ninaipeleka wapi. Nilipomwambia Pugu, aliweka spana chini.

"Mwanangu, umeshajifunza kusimama?"

"Kusimama vipi, mzee?"

"Kesho njoo uwanjani, saa kumi na mbili na nusu. Pugu haihami."

Uwanja wenyewe ni wa mpira, udongo mwekundu uliokandamizwa na miguu ya watoto, magoli ya miti. Asubuhi ile hakuniruhusu hata kukaa kwenye kiti. Kwanza aliteremsha kiti chini kabisa. Kisha akaniambia nisimame juu ya pedeli, pedeli zote mbili zikiwa usawa mmoja, hakuna mguu ulio chini wala juu, nikateremke polepole kwenye kingo ya uwanja. Magoti yamekunjwa kidogo. Viwiko vimekunjwa na kutazama nje. Makalio yamerudi nyuma, juu ya kiti bila kukigusa. Kifua kimeinama, kichwa kimenyanyuka.

Unavyojisikia kwa mara ya kwanza ni kwamba umekaa mkao wa ajabu mbele ya mtaa mzima. Watoto walikuwa wameshakusanyika. Ila mzee alinipa mfano ambao ulinikaa: mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani kwenye njia ya mawe. Miguu yake inapanda na kushuka, kiuno kinacheza, lakini ndoo haitikisiki, kwa sababu magoti na nyonga zinameza kila jiwe kabla halijafika juu. Juu ya baiskeli ni hivyohivyo. Baiskeli iruhusiwe kurukaruka chini yako, wewe ubaki palepale. Mkono ulionyooka na goti lililokaza hupeleka kila bonde moja kwa moja begani, na bega hupeleka kwenye usukani, na usukani ukishayumba gurudumu la mbele linakwenda linakotaka.

Mkao huo ndio msingi wa kila kitu kilichofuata. Nilipokwama baadaye, iwe kwenye kona, mchanga au mizizi, mara nyingi dawa ilikuwa kurudi hapo: pedeli sawa, viwiko vimefunguka, uzito uko miguuni wala si mikononi. Kuna njia rahisi ya kujipima. Ukiwa unateremka, legeza vidole kwenye usukani kwa sekunde moja. Kama mwili unataka kuanguka mbele, ulikuwa umeegemea mikono.

Kisha breki. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa naamini ndipo mtu anapokuwa mwendeshaji au anapobaki abiria.

Mtaani tumekuzwa na onyo moja: usibane breki ya mbele, utapinduka. Nimelisikia Shinyanga, nimelisikia Dar. Mzee alichora mstari kwa kisigino, akanirudisha nyuma hadi golini, akaniambia nije kwa mwendo nikifika kwenye mstari nibane breki ya nyuma peke yake. Gurudumu lilijifunga, likaburuza, likaacha mchirizi mwekundu, nikasimama mbali kupita mstari. Akanirudisha. Sasa ya mbele peke yake, kwa kidole kimoja, kuanza polepole na kuongeza kadiri baiskeli inavyopungua mwendo. Nikasimama karibu zaidi. Mara ya tatu zote mbili kwa pamoja, makalio nyuma, visigino vimeshuka, viwiko vimekunjwa. Nikasimama umbali mfupi kuliko mara zote. Nilirudia tena na tena kwa sababu sikuamini, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Ukibana breki, uzito wako na wa baiskeli unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kupata mshiko mkubwa. La nyuma linapungukiwa, na ukizidi kulibana linaacha kuzunguka na kuanza kuteleza. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha baiskeli inafanywa na breki ya mbele. Kupinduka kupo, na wanaoonya hawajatunga: mtu hupinduka anapoibana ghafla huku mikono imenyooka na mwili umekaa mbele. Shusha mwili, urudishe nyuma, bana kwa kuongeza, na breki iliyokuwa inaogopwa inakuwa ndiyo tegemeo lako.

Mambo mawili ya vitendo. Baiskeli nyingi zinazoingia kwetu zina breki ya mbele mkono wa kulia, lakini zipo zilizofungwa kinyume, hasa zile zilizotoka Ulaya bara. Jaribu uwanjani kabla hujaiamini kwenye mteremko, na ukiazima baiskeli ya mtu jaribu upya. Pili, mikono ya breki isogezwe na kurekebishwa ili kidole cha shahada kiifikie bila kunyooka sana. Mimi nina vidole vifupi, na skrubu ndogo iliyo kwenye mkono wa breki ilinibadilishia maisha. Kidole kimoja kinabana, vinne vinashika usukani. Ukibana kwa vidole vyote, hakuna kinachoshika.

Napenda kufikiria kwamba mchezo huu mzima ulizaliwa kwenye tatizo la breki. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu nzito za tairi nene, zilizotengenezwa miongo kadhaa nyuma, wanazipandisha milimani kisha wanateremka kwa kasi kwenye njia za vumbi. Breki zake zilikuwa za kukanyaga pedeli kinyumenyume, ziko ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976 yalikuwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba habu ilipata joto, grisi ikaungua yote, na baada ya mbio mtu alilazimika kufungua habu na kupakia grisi mpya. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alianza kutengeneza fremu zilizokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Miaka 20 baada ya mbio zile za kwanza, mwaka 1996, baiskeli za milimani ziliingia Olimpiki kule Atlanta. Mzee nilipomsimulia hakushangaa. Alisema hata Phoenix, ukiipa mteremko na mtu mwenye moyo, itakwenda. Kusimama ndiko kutakakoleta kesi.

Baada ya breki, macho. Mzee alipanga chupa tupu za maji mbilimbili kutengeneza milango, mlango mwembamba kuliko unavyodhani. Nilipotazama chupa, niligonga chupa. Nilipotazama mti ulio ng'ambo ya uwanja, nilipita katikati. Kila anayeendesha pikipiki hapa mjini analijua hilo kwenye mashimo ya barabarani: shimo ulilokazia macho ndilo unaloingia. Porini inakuwa muhimu zaidi, kwa kuwa njia ni nyembamba na kuna kisiki kila upande. Tazama mbele, mahali utakapokuwa baada ya sekunde mbili tatu. Kilicho chini ya gurudumu la mbele kimeshapita, huna la kukifanya.

Ndipo tukaenda Pugu.

Kutoka kwetu Ukonga unapita Gongo la Mboto, barabara inaanza kupanda, na ghafla hewa inabadilika. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi uko upande wa Kisarawe, Mkoa wa Pwani, lakini uko karibu kiasi kwamba sisi wa huku tunauona wa kwetu. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ni hifadhi ya mazingira asilia. Unaingia kwa utaratibu: unafika ofisini, unalipia, unauliza njia zipi zinaruhusiwa siku hiyo. Usiingie kwa uchochoro. Ni mabaki ya misitu ya pwani iliyowahi kutanda ukanda huu, na kuna mimea na wadudu ambao hawapo pengine duniani. Tairi linaloburuza kwenye mteremko linachimba mfereji, mvua inakuja inaupanua, msimu ujao njia ni korongo. Hii ni sababu nyingine ya kujifunza breki uwanjani kwanza. Anayejua kusimama bila kuburuza haharibu msitu.

Udongo wa Pugu una tabia yake. Kuna kaolini nyingi eneo hilo, ule mfinyanzi mweupe unaotumika kwenye vyombo vya kauri na rangi. Ukikauka unashika vizuri, unakimbia kwa raha. Ukilowa, unaganda kwenye tairi, unajaza nafasi za meno, na tairi lako la milimani linakuwa laini kabisa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mimi naiacha Pugu ipumzike. Vuli naangalia: ikinyesha jana, nasubiri. Watu hupenda kusifu utelezi na matope, mimi siupendi, na sioni anayeanza anafaidika nini nao.

Mizizi ndiyo iliyonipa somo kali zaidi. Kuna mahali njia inashuka ikipinda kushoto, na mti mkubwa umepitisha mizizi mitatu juu ya njia, mmoja umelala mshazari. Asubuhi hiyo ilikuwa na umande. Gurudumu la mbele lilipoukanyaga ule mshazari, liliufuata badala ya kuuvuka, likateleza nao hadi pembeni, nami nikalala kwenye majani makavu kabla sijajua kilichotokea. Sikuumia, glovu zilichanika kidogo. Mzee alishuka kwenye baiskeli yake, akanisaidia kusimama, akaniambia tutembee hadi pale tuutazame mzizi kwa miguu. Akaweka gurudumu langu juu yake kwa pembe mbalimbali, akilisukuma kwa mkono. Likiwa mshazari, linateleza. Likiwa limeukabili mzizi msalaba, linapanda na kushuka. Basi tangu hapo natafuta namna ya kuukabili mzizi uso kwa uso, hata ikibidi kuigeuza njia kidogo. Na ninapokuwa juu yake sibani breki wala sigeuzi usukani. Breki namaliza kabla. Juu ya mzizi ni kupita tu, mwepesi, pedeli sawa.

Kushuka na kutazama kizuizi kwa miguu nimekufanya desturi. Waendeshaji wazoefu wanafanya, na hakuna haya yoyote ndani yake. Ukisimama pale unaona mstari ambao juu ya baiskeli huuoni: pale jiwe limeishia, pale ardhi ni ngumu, pale pa kutokea.

Kona zina kanuni yake. Punguza mwendo kabla ya kona, wakati bado umenyooka. Ukiingia, achia breki, mguu wa nje ushuke chini na ubebe uzito wako, baiskeli ilaze kuelekea ndani huku wewe mwenyewe ukibaki wima zaidi kuliko yenyewe, na macho yaende mwisho wa kona. Kubana breki ya mbele katikati ya kona yenye changarawe kunamaliza mshiko wote kwa mara moja. Kwenye barabara za vumbi za Kisarawe, zenye kokoto ndogo za duara juu ya ardhi ngumu, utaliona hili mapema sana.

Kupanda nako ni stadi, wala haikutaka mapaja makubwa kama nilivyoogopa. Badilisha gia kabla mlima haujaanza, wakati miguu bado ina wepesi. Ukingoja katikati ya mlima huku umekaza, cheni inalia, inakwama, wakati mwingine inakatika. Kaa, usisimame; sogea hadi pua ya kiti, inamisha kifua, shusha viwiko kuelekea magotini. Gurudumu la mbele likianza kunyanyuka, uzito wako uko nyuma mno. La nyuma likizunguka bila kushika, uko mbele mno. Ni kutafuta katikati, na katikati inahama kila hatua. Kanyaga kwa mviringo ulio sawa, si kwa kusukumiza. Na ukisimama mlimani ukataka kuanza tena, usijaribu kuanza ukiwa umetazama juu: geuza baiskeli ikatize mteremko, anza ukikatiza, kisha pinda kuelekea juu ukishapata mwendo. Hilo peke yake liliniondolea kusukuma baiskeli kwa mguu kwenye milima mingi ya Kisarawe.

Mchanga nilijifunzia Kigamboni. Jumapili unavuka na pantoni kutoka Magogoni, baiskeli kati ya abiria na vikapu vya samaki, unaendelea kuelekea kusini mpaka lami inapoisha na njia za mchanga zinazokwenda baharini zinaanza. Mchanga unataka utulivu kuliko kitu chochote. Ingia ukiwa na mwendo na gia nzito kidogo, uzito urudi nyuma ili gurudumu la mbele lielee, mikono ilegee, na kanyaga bila kuacha. Gurudumu la mbele litacheza kushoto na kulia, liache licheze. Ukipambana nalo linazama. Ukitaka kugeuka, egemeza nyonga, usikate usukani.

Na upepo wa tairi, ambao ni wa bure lakini wengi hawaugusi. Barabarani naweka PSI 45 hivi. Nikifika msituni napunguza hadi kama 30, kwenye mchanga chini kidogo ya hapo. Mimi si mzito. Aliye mzito aongeze. Tairi lenye upepo kidogo linajilaza juu ya ardhi na kushika. Likipungua kupita kiasi, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona mawili hivyo, usitafute mwiba. Ongeza upepo. Pampu ndogo, tyubu moja ya akiba, viraka, gundi na vibanio vya kufungulia tairi hukaa kwenye mkoba wangu chini ya kiti, na kuziba pancha nilijifunza nyumbani, sebuleni, kabla sijahitaji porini.

Helmeti vaa, hata uwanjani. Glovu vaa. Maji beba lita mbili, kwani joto na unyevu wa Dar vinakumaliza kabla miguu haijachoka, na saa nne asubuhi uwe umeshaanza kurudi. Nikifika Kisarawe mjini nakunywa chai na chapati mbili, natia chumvi kidogo kwenye chupa ya maji ya kurudia.

Kuna jambo la watu. Njia za Pugu na vijiji vinavyouzunguka msitu ni njia za watu waliokuwapo kabla ya baiskeli zetu za shokapu. Mama anarudi shamba, watoto wanakwenda shule, mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Mimi hupunguza mwendo mapema, napiga kengele kwa mbali, nasema "shikamoo" au "habari za asubuhi" kulingana na mtu, na mteremkoni nampisha anayepanda. Hakuna mwendo unaostahili kumrusha mtu pembeni ya njia yake. Nimepewa maji, nimeonyeshwa njia, na mara moja bibi mmoja aliniuliza kama mume wangu anajua niko huku. Nikamjibu kwamba anajua, tena ndiye aliyebaki na watoto. Akafurahi sana, akaniita mke mwenzake kwa utani, akanipa maembe mawili.

Wanawake wenzangu wananiuliza zaidi kuhusu kutazamwa kuliko kuhusu kuanguka. Kutazamwa kupo. Hasa mwanzo, uwanjani, pale unapoteremka ukiwa umeinuka juu ya kiti na watoto wanakushangilia. Mimi huvaa suruali ndefu nyepesi na fulana ya mikono mirefu, inanikinga jua na michongoma, na sijaona sababu ya kuvaa vingine. Kwenda na wenzako kunasaidia zaidi ya nguo yoyote. Peke yangu siendi msituni, na wala simshauri mtu, mwanamke au mwanamume: ukivunjika mkono kwenye kinjia, simu isiyo na mtandao haitakusaidia.

Kwa sasa ninajifunza kunyanyua gurudumu la mbele. Uwanjani palepale, juu ya gogo la mnazi ambalo watoto wanalikalia wakati wa mechi. Unajikandamiza chini, unavuta makalio nyuma huku mikono ikinyooka, na gurudumu linainuka lenyewe. Mikono haivuti juu, ni mwili unaorudi. Nikiwa na mwendo wa mtu anayetembea ninalivuka. Kwa mwendo wa juu zaidi bado mwili unakuwa na haraka kuliko muda wenyewe. Nataka likae sawa kabla sijaenda Lushoto, ambako miteremko haiishii baada ya dakika tatu kama ya kwetu.

Jirani yangu, muuguzi anayefanya zamu za usiku, amenunua baiskeli wiki iliyopita na anataka Jumamosi twende Pugu. Nimeshaitazama: fremu nzuri, gia zinaingia, ila pedi za mbele zimekwisha kabisa na breki imefungwa kwa mkono wa kushoto. Ijumaa jioni tunaipeleka kwa mzee. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tutakuwa uwanjani, yeye na mimi na zile chupa tupu.